Swali la Saba la Mama

Swali la saba lilikuwa fupi kuliko yote kwenye fomu za mama. Umezaa watoto wangapi, na walio hai ni wangapi. Visanduku viwili, kimoja kando ya kingine, vidogo kama kucha ya kidole gumba. Maswali mengine yalikuwa marefu, mistari mitatu, minne, na yote niliyajaza vizuri. Hilo moja ndilo lilitumaliza.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza sekondari na nilikuwa nakaa tu nyumbani Kisumu, kwenye kota za hospitali, nikingoja barua ya kuitwa chuo. Kungoja mimi sijui. Hata chai nikiiweka kwa jiko nafunua sufuria mara tano. Mama akasema kwa vile mikono yangu inawasha, nitamsaidia na kazi yake ya masomo.

Mama alikuwa muuguzi tangu sijazaliwa. Watu wote walimwita Sista, hata majirani, hata dani yangu, yaani mama yake mzazi. Alikuwa ameongoza wodi ya kujifungulia miaka mingi, halafu akaenda kusoma digrii ya uuguzi wakati watu walikuwa bado wanauliza digrii ya kuosha vidonda ni ya kazi gani. Akamaliza, akaanza kusoma ya pili. Wauguzi wenzake wenye diploma walimchokoza kwa korido. "Sista wa digrii, leo utapima joto na kipimo ama na kalamu?" Yeye anacheka, anapita. Akifika nyumbani hacheki.

Kulikuwa na barua alikuwa anaisoma kila jioni kabla ya chakula. Ilitoka kwa mkuu wa kitivo. Chuo kikuu kilikuwa kimefungua shule ya uuguzi, darasa moja la mabati nyuma ya maktaba, na wanafunzi wachache, na hakukuwa bado na mtu wa kuiongoza. Barua ilisema kiti ni cha mama, lakini kitabu chake cha utafiti wa digrii ya pili kiwe mezani kabla Agosti haijaisha. Kikikosa, kiti kitapewa daktari mmoja wa upasuaji.

"Ni daktari mzuri," mama aliniambia. "Ana mkono safi. Lakini maisha yake yote hajawahi kubadilisha shuka ya mgonjwa. Hawa watoto atawafundisha kuongoza wodi, ama atawafundisha kusema ndio daktari?"

Hiyo "ndio daktari" yeye alikuwa ameisema miaka ishirini. Sista, leta trei. Sista, shika taa hapa. Usiku mzima yeye ndiye amekaa na mgonjwa, asubuhi daktari anakuja anamuuliza mgonjwa amelala aje bila kumwangalia mama usoni. Alikitaka hicho kiti kama mtu mwenye kiu. Nilikuwa naona, na ilikuwa inaniogopesha, kwa sababu mama si mtu wa kutaka vitu.

Kitu kingine lazima nikiseme sasa. Wodini kwake kulikuwa na sheria moja iliyojulikana hospitali yote: kama hukupima, usiandike. Siku moja alikuta mwanafunzi amejaza chati za joto za wodi nzima, thelathini na saba, thelathini na saba, kitanda cha kwanza mpaka cha mwisho. Mama hakupiga kelele. Alimuuliza tu mbele ya wenzake, "Ulipima?" Msichana akaangalia chini. Mama akampa kipimo, akamwambia aanze tena kitanda cha kwanza, na yeye mama akatembea nyuma yake mpaka cha mwisho. Kitanda cha tisa kulikuwa na mama mmoja anaungua na homa na hakuna mtu alikuwa anajua. Nilikuwa nimesikia hiyo hadithi mara nyingi sana mpaka nikaichoka.

Basi, utafiti wa mama ulikuwa hivi: mwanamke akishapoteza mtoto, mimba inayofuata anaenda kujifungulia kituo cha afya ama anabaki nyumbani? Alichagua Usenge, kando ya ziwa, kwa sababu ndiko alizaliwa. Yeye mwenyewe hangeweza kutoka, alikuwa anafundisha kwenye hiyo shule ya uuguzi asubuhi na kuandika jioni. Akanipa fomu themanini, kalamu sita, na kofia yake ya kanisani ya kuzuia jua. Nikaenda kukaa kwa dani.

"Una wiki tatu," alisema. "Usikimbie."

Usenge asubuhi, wanawake wanakuwa ufuoni wametandaza omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, kwenye nyavu kuukuu, wameinama wanazigeuza na mikono ndio zikauke pande zote. Huko ndiko nilianza. Walinipokea vizuri, binti ya Sista, keti hapa, na mimi nikauliza maswali yangu kwa Kiluo changu cha Kisumu ambacho kiliwachekesha. Umri, wakanijibu. Mume, wakanijibu mpaka zaidi ya nilichouliza. Maji mnachota wapi, wakaonyesha ziwa na midomo. Kulikuwa na mama mmoja amevaa sweta ya kijani ya shule juu ya leso, mwembamba, mikono yake haraka kuliko ya wengine. Yeye ndiye alikuwa wa kwanza kufikishwa swali la saba.

"Mama, umezaa watoto wangapi?"

Akageuza omena. "Wapo."

"Wapo wangapi?"

"Wanatosha."

Wenzake wakacheka. Mmoja mnene aliyekaa juu ya ndoo akaniita binti wa mjini, "Nyar taun, nyinyi huko Kisumu mnahesabu watoto?"

"Tunahesabu."

"Ili mwone nani amezidi?"

"Ni kazi ya hospitali tu, mama."

"Hata hizi omena hatuhesabu," akasema wa sweta ya kijani, bila kucheka. "Tunapima na mkebe wa gorogoro. Leta gorogoro yako basi, tuwapime watoto."

Wakacheka tena mpaka yule wa ndoo akashika tumbo. Mimi nilisimama hapo na kalamu yangu. Nilikuwa najua wanachosema. Nilipokuwa mdogo dani alinichapa kidole nilipowahesabu binamu zangu wamezunguka sahani. Watoto hawahesabiwi. Ukiwahesabu unawatangaza, na huwezi jua nani anasikia. Lakini nilikuwa nimesoma baiolojia mpaka mwisho, na hayo mambo nilikuwa nimeyaweka pamoja na bundi na paka mweusi.

Nikamwuliza tena wa sweta ya kijani, polepole, kwamba ni mama yangu anataka kujua, ni kwa ajili ya kusaidia akina mama. Akaniangalia kwa muda.

"Andika unachotaka," alisema.

Siku hiyo yote sikupata jibu hata moja la swali la saba. Siku ya pili pia. Mmoja alisema ni Mungu anajua. Mwingine alisema nimuulize mume wake, na mume alikuwa majini. Siku ya tatu jua lilikuwa linachoma na nilikuwa nimechoka kuchekwa, nikaanza kuhesabu mwenyewe na macho. Nikifika bomani naangalia nguo zilizoanikwa kwa ua, naangalia wanaokimbia, naangalia sahani. Baadaye hata hiyo nikaona inachelewesha. Nikawa nauliza yale maswali mengine, halafu mchana nakaa nyumba ya dani ndani, namaliza la saba kwa kukisia.

Kisanduku cha kwanza kilikuwa rahisi. Tano. Nane. Sita. Kisanduku cha pili, cha walio hai, hapo ndipo mambo yalinishinda. Nilijua hawawezi kuwa wote wako hai, mimi si mjinga. Nikaandika sita kwa mama fulani, nikataka kuandika tano kando yake. Halafu nikamkumbuka kijana wake mdogo anayetembea na kikombe cha bati kila mahali. Nikitoa mmoja, natoa nani? Mkono ulikataa. Nikaandika sita. Mimi, wa baiolojia, niliogopa kuua mtoto wa mtu na kalamu. Kwa hivyo fomu zote nilizopika zilikuwa nambari mbili zinazofanana, na sikuliona hilo, kwa sababu nilikuwa nakimbia.

Dani aliniuliza mara moja tu, "Hao wageni wako wanakujibu?"

"Wananijibu, dani."

"Kila kitu?"

"Kila kitu."

Akaendelea kuchambua mboga. Nadhani alijua.

Nilimaliza kwa siku tisa. Mama aliposhika lile bunda la fomu alilipima kwa mkono, akaniambia nimefanya kazi ya watu wawili. Akaninunulia soda. Niliinywa.

Wiki mbili zikapita. Sura tatu za kwanza zilikuwa zimeshapigwa chapa, zimekaa kwenye bahasha juu ya kabati. Siku kumi zilikuwa zimebaki Agosti iishe. Jumamosi mchana mama alikaa mezani na rula na karatasi kubwa, akichora jedwali. Nilikuwa nje nafua. Akaniita kwa sauti ya kawaida.

"Kuja hapa."

Nikaja na povu mikononi.

"Ulienda Usenge gani?"

"Si ni kwa dani, mama."

"Mimi nimezaliwa huko," alisema. "Ndugu zangu nimewazika huko. Surua ilipita huko juzi tu, na watoto wa huko niliwapokea wodini na hii mikono yangu, na wengine nikawafunika. Sasa fomu themanini, na hakuna mama hata mmoja amepoteza mtoto?"

Povu lilikuwa linadondoka kwa sakafu.

"Ulipima?"

Nilijua hilo neno limetoka wapi. Nilijua kitanda cha tisa.

"Hawakutaka kusema, mama. Walikuwa wananicheka."

"Sijakuuliza hiyo."

"Hapana. Sikupima."

Nilingoja anipige. Ingekuwa afadhali. Aliweka rula chini sambamba na karatasi, akaenda jikoni, akaanza kuosha vikombe vilivyokuwa vimeshaoshwa. Aliviosha vyote. Kisha akasema akiwa bado amenipa mgongo, "Na mimi ndiye niliandika hilo swali."

Nikafuta povu kwa gauni.

"Wodini wananijibu. Nawauliza nyuma ya pazia, wamelala, miguu juu, wananiambia wote, wazima na wafu. Nikadhani ni kwa sababu nauliza vizuri." Akafunga mfereji. "Walikuwa wananiogopa tu."

Kesho yake baada ya kanisa alikuja mwalimu mwenzake wa shule ya uuguzi, rafiki yake tangu mafunzo. Mama akamwambia yote mbele yangu. Rafiki yake alikunywa chai yake kwanza.

"Peleka hivyo hivyo," alisema. "Wale wa kamati watasoma kurasa kumi, watauliza mbona umeacha nafasi kubwa pembeni, watatia sahihi."

"Ni uongo."

"Ni nambari. Wewe unataka yule daktari atukalie kichwani miaka kumi kwa sababu ya visanduku? Fikiria hao wasichana wako. Ukishakaa kwa kiti utarekebisha."

"Mama, peleka tu," mimi pia nikasema. "Tafadhali." Nilikuwa nalia. Nilitaka iishe. Nilitaka apate kiti chake na tusiongee tena kuhusu Usenge.

Mama akakusanya vikombe. Ila jioni nilimwona amekaa na fomu moja na kalamu, kalamu iko juu ya kile kisanduku cha pili, kama mtu anayetaka kurekebisha kidogo tu, moja hapa, mbili pale, ili ifanane na ukweli. Alikaa hivyo muda mrefu. Sikumwona akiandika.

Jumatatu alivaa suti yake ya bluu, akachukua bahasha ya sura tatu, akanibebesha katoni ya fomu. Tulitembea mpaka ofisi ya mkuu wa kitivo bila kuongea, na mpaka tunafika mlangoni sikujua anaenda kufanya nini. Sidhani yeye pia alijua. Aliniacha kwenye benchi nje na katoni mapajani. Mlango haukufungwa vizuri.

Mama alimwambia mara moja kwamba majibu ya swali la saba ni ya kubuni.

"Ondoa tu hilo swali," mkuu alisema.

"Nikiliondoa hakuna kitabu, Bwana Mkuu. Kitabu chote kimekalia hapo."

"Sista, Agosti inaisha na darasa halina kiongozi. Siwezi kukushikia kiti."

"Najua."

Mkuu akauliza, "Nani mwingine anajua hii habari?"

"Binti yangu. Amekaa hapo nje."

"Ni mtoto."

"Ndiyo, na yeye ndiye alinidanganya," mama alisema. "Nikipitisha hii, kesho nikimuuliza mwanafunzi kama alipima, nitamuuliza na mdomo gani?"

Mkuu alisema daktari ataanza Septemba. Alisema mama akimaliza utafiti wake aulete, utasomwa. Alikuwa na huruma, na huruma yake ilikuwa mbaya kusikiliza.

Tulipotoka, mama alikaa kwenye ngazi za nje. Sijawahi kumwona mama akikaa chini mahali pa watu, na suti. Wanafunzi wake wawili walipita wakamwamkia, "Habari ya asubuhi, Sista," akawaitikia vizuri, akawauliza kama wamesoma, na wakishapita uso wake ukaanguka. Alilia bila sauti, akiwa ameshika magoti. Miaka yake yote ilikuwa pale kwa ngazi, na mimi ndiye niliimwaga kwa siku tisa.

"Pole, mama."

"Wacha pole. Niambie walikataa aje. Neno kwa neno."

Nikamwambia. Wapo. Wanatosha. Mungu anajua. Nikamwambia ya gorogoro, na hapo alitoa sauti puani, karibu kicheko, akafuta uso na mkono wa suti. Akakaa anafikiria.

"Lakini majina wangekutajia," alisema.

Tulirudi Usenge wiki ya pili ya Septemba, siku yake moja ya kupumzika. Wakati huo daktari alikuwa ameshahamia ile ofisi, na mama alikuwa anagonga mlango kabla ya kuingia. Hakuvaa sare. Alivua viatu, akafunga leso, akainama kwenye nyavu pamoja nao akageuza omena. Asubuhi nzima hakuuliza kitu. Walimwambia mikono yake imekuwa ya Wazungu, inaogopa magamba. Akawaambia wameinama vibaya, migongo itawauma, na wakamtukana kwa upendo.

Yule wa sweta ya kijani alikuwa hapo. Mama akasogea kando yake.

"Wako wa kwanza anaitwa nani?"

Akamtaja. Akasema alizaliwa mvua ikinyesha, njiani, kabla hawajafika popote.

"Na anayemfuata?"

Akamtaja. Na anayemfuata. Mimi nilikuwa nyuma na daftari, naandika majina tu, kila jina na mstari wake, na mama alikuwa anauliza kuhusu kila mmoja, huyu alizaliwa wapi, nani alimpokea, alilia haraka. Hakuna mahali aliposema wangapi. Alipofika kwa wa mwisho, mwanamke akageuza omena kidogo.

"Kuna wale wengine pia," akasema.

"Wataje pia."

Akawataja watatu. Wa mwisho alikuwa msichana, alizaliwa wakati wa mvua ndefu, akapata joto siku nne. "Ni ile wiki nyar taun wako alikuja na makaratasi," alisema. "Tulikuwa tumemzika Jumapili."

Nikaikumbuka mikono yake siku ile, ilivyokuwa haraka. Andika unachotaka. Akageuka akaniangalia, si kwa ubaya.

"Siku ile uliandika nini?"

"Niliandika wote wako hai, mama."

Akaangalia majini.

"Ingekuwa vizuri," alisema.

Siku nzima tulipata wanawake wanne. Jioni mnunuzi mmoja wa samaki akatupa lifti kwenye pikapu yake, mama dirishani na mimi katikati, daftari kwenye magoti yangu. Nilipolifungua tukiwa bado karibu na Bondo, mama aliweka mkono wake juu ya ukurasa.

"Si hapa, bado tuko karibu nao. Funga."

Nikafunga. Dereva alikuwa anaongea kuhusu bei ya barafu. Tulipita Kisian, taa za Kisumu zikaanza kuonekana, na mama akasema, "Sasa."

Nikafungua ukurasa wa mama wa sweta ya kijani. Nilihesabu polepole, kidole kikiwa chini ya daftari mahali hakionekani.

"Kumi," nikasema. "Walio hai saba."

Mama akatoa fomu mpya kwenye mkoba, akaandika juu ya goti lake, gari likirukaruka. Tukishajaza za wale wengine watatu, zingebaki fomu sabini na sita. Aliikunja, akairudisha, akaniuliza kama nilipiga pasi sare yake nyeupe, kwa sababu daktari ameita walimu wote wa uuguzi kesho saa mbili na hataki kuchelewa.